Mwalimu Breki Alipomfundisha Mkwewe

Palikuwa na mwalimu wa udereva ambaye riziki yake ilitoka kooni. Wengine hufundisha kwa subira. Yeye alifundisha kwa kelele. Alikaa kiti cha abiria ndani ya kigari chake cheupe chenye herufi nyekundu juu ya paa, mguu wa kulia umetulia juu ya breki ya ziada iliyofungwa upande wake, na mwanafunzi akikosea kidogo tu, mwalimu alitoa sauti moja: "BREKI!" Waendesha baiskeli waliokuwa wakijipitia zao walisimama. Siku moja bwana mmoja aliyekuwa akivuka barabara aliganda katikati, mguu mmoja juu, akingoja aruhusiwe kuushusha. Ndiyo maana watu wakamwita Mwalimu Breki, na jina lake la kwenye vyeti likabaki huko huko kwenye vyeti.

Kazi hiyo aliifanya miaka mingi mpaka mguu wake wa kulia ukajaa kuliko wa kushoto. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwao, ilibidi amkatie suruali zenye mguu mmoja mpana. "Wenzangu wana waume," aliwaambia wateja wake, "mimi nina mume na nusu, na nusu yenyewe iko mguuni."

Kisha ukaja mgao wa mafuta.

Ulitangazwa redioni asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Waziri alisema dunia imechemka, mataifa yamekaa yakakubaliana, na kuanzia wiki hiyo petroli na dizeli zitapimwa kama dawa ya kifua ya mtoto. Mwalimu Breki hakubisha. Mvua za mwaka juzi zilikibeba kigari chake mpaka mlangoni kwa muuza nyama, kikapiga hodi kwa bampa. Joto la mwaka jana liliilainisha lami hadi viatu vya watu vikabaki barabarani bila wenyewe. Mtu aliyeona hayo hana haja ya kuhubiriwa. Alichotaka kujua ni kimoja tu: yeye yuko wapi kwenye foleni?

Alikwenda ofisi ya mgao kuuliza. Karani akamweleza utaratibu: kwanza magari ya wagonjwa, halafu pampu za maji, halafu malori ya chakula, matrekta, mabasi machache ya mikoani, na kadhalika na kadhalika.

"Na shule za udereva?" akauliza.

Karani akashuka na kidole kwenye orodha yake ndefu mpaka karibu na ukingo wa meza. "Hapa. Una bahati, Mwalimu. Umetangulia mashine za kukatia nyasi."

Mafuta aliyopewa yalitosha kwenda sokoni. Kurudi ungejijua mwenyewe.

Sasa, ungedhani wanafunzi watakimbia. Nani ajifunze kuendesha gari wakati hakuna mafuta? Lakini zilivuma habari kwamba mji utaletewa mabasi ya umeme, na madereva watachaguliwa kwanza miongoni mwa wenye leseni. Basi mafuta yakapungua, wanafunzi wakaongezeka. Alikuja kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye maneno mengi kuliko wateja. Alikuja fundi viatu, mtu mpole wa mabega mapana. Akaja na mwalimu wa chekechea, mama kijana mwenye ujauzito mkubwa, aliyesema anataka leseni kabla mtoto hajafika kwa sababu baada ya hapo hatapata hata nafasi ya kujikuna.

Mwalimu Breki akapiga moyo konde. Alianza kwa kuwafundisha gari likiwa limesimama uani. Mwanafunzi alikaa kwenye usukani akakanyaga klachi, akaingiza gia, na kwa kuwa injini ilikuwa kimya, ilimlazimu atoe mlio mwenyewe kwa mdomo ili ajue wakati wa kubadili. Kinyozi alitoa mlio wa mashine ya kunyolea. Fundi viatu alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena; gari lake halikuwaka asubuhi nzima. Lakini mwalimu wa chekechea, ambaye kazini kwake alishakuwa simba, treni na nyuki kabla ya saa ya uji, alinguruma mpaka kuku wakahama ua. Alilalamika kwenye gia ya kwanza, akashusha pumzi kwenye ya pili, akaimba kwenye ya tatu. Wenzake wakampa jina papo hapo: Injini.

Baadaye wakatoka barabarani. Mmoja akae kwenye usukani, wengine wasukume, na Injini, kwa hali yake, akae kiti cha nyuma aungurume. Bati la nyuma lilikuwa likiunguza viganja kwa jua, kwa hiyo mkewe Mwalimu alishona mito miwili ya maua, ikafungwa kwenye buti. Kigari kikapita mitaani kimevaa mito matakoni, kikivuma kwa sauti ya kike, na watoto wakikifuata nyuma. Barabara zilikuwa nyeupe. Hakukuwa na honi wala moshi, na mtu aliweza kusikia jirani akikoroga chai.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutembea.

Alikuja kumwona binti yake kwa siku mbili. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi aliyejaa, mwenye mikono safi siku zote na macho ya kukupima kama una homa. Aliingia kwa basi, na basi lile lilipoondoka lilikuwa limeondoka kweli. Mgao ulikatwa tena, mabasi ya kwao yakawa ya kuhesabika, na nafasi ya kurudi ikawa ya kungojewa kama mvua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Breki hakuthubutu kumpa hata ufagio. Alikuwa amelelewa kwamba mkwe hapandishiwi sauti, hanyooshewi kidole, wala hunyooshi miguu mbele yake. Nyumbani kwake mwenyewe akawa anatembea kama mtu aliyeazima sakafu.

Mama mkwe alijitahidi kukaa. Alipanga upya kabati la vyombo. Aliwafundisha majirani kupumua. Kila mkwewe alipoinua ndoo alimwambia, "Si kwa mgongo, baba, kwa magoti. Pumua." Kisha siku moja, wakiwa mezani, akaweka kikombe chini.

"Baba, nimechoka kukaa. Nataka kujifunza gari."

Chai ikampalia Mwalimu Breki. "Gari, Mama?"

"Gari. Tangu nizaliwe nabebwa na wengine. Nimekwenda kuzalisha watu nimepakiwa nyuma ya baiskeli, nyuma ya trekta, mara moja nyuma ya lori la vitunguu. Nataka na mimi nikae mbele."

Mwalimu akamtazama mkewe. Mkewe akatazama uzi kwenye kidole chake kana kwamba umeandikwa kitu.

Walipobaki wawili jikoni, akamnong'oneza, "Mwambie hapana."

"Mwambie wewe. Mwalimu ni nani?"

"Lakini ni mama yako!"

"Na ni mkwe wako. Uliponioa ulisema utampenda kama mzazi. Haya, mfundishe kama mzazi."

Basi, badala ya jembe, mgeni akapewa usukani.

Siku ya kwanza Mwalimu Breki alikaa kiti chake cha siku zote, lakini mguu wake ule mnene aliukunja chini ya kiti kwa adabu, asije akaunyoosha mbele ya mkwe. Fundi viatu na kinyozi wakasukuma. Injini akanguruma. Mama mkwe akashika usukani kama mtu aliyeshika beseni la maji ya moto, akaelekea mbele, akaelekea kushoto, akazidi kuelekea kushoto.

Neno lilimpanda Mwalimu Breki kutoka tumboni. Lilifika kooni, likagonga meno. Akalimeza.

"Mama," akasema kwa upole, "samahani sana, kama hutajali, na kama si usumbufu, naona kwamba hapo mbele yetu kuna..."

Paa!

"...pipa," akamalizia.

Mama mkwe akamgeukia. "Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema kuna pipa, Mama."

"Nimeliona. Limekaa vibaya."

Walirudi nyuma wakaendelea. Kilichomwokoa kila mtu ni kwamba gari lilikuwa likienda mwendo wa mtu anayetoka msibani. Ukigonga kitu kwa mwendo ule, kitu chenyewe hupata muda wa kukusamehe. Lakini walipofika penye mwinuko kidogo, gari likasita, na hapo mama mkwe akatoa kichwa dirishani. Sauti aliyoitumia maisha yake yote wodini ikaamka.

"Sukuma! Vuta pumzi, shikilia, sukuma! Usiniachie sasa! Unaweza, wenzako wote wameweza! SUKUMA!"

Gari liliruka mbele kama limechomwa sindano. Kinyozi alisahau hadithi aliyokuwa akiisimulia. Fundi viatu, aliyekuwa hajawahi kusemeshwa hivyo na mtu yeyote, alisukuma huku machozi yakimlengalenga. Kina mama waliokuwa foleni bombani walisikia ile sauti, wakashika viuno bila kujijua.

"Mwalimu," fundi viatu alisema wakati wa mapumziko, akihema, "mimi sijui mama huyu amenifanya nini, lakini najihisi nimetua mzigo."

Hivyo wanafunzi wakampenda mama mkwe kupita kiasi. Wakawa wanamwita Mama Mkunga, wakagombania kusukuma zamu yake. Aliyeumia alikuwa Mwalimu peke yake. Kila siku alimeza kelele zake zote, na kelele si chakula, haziyeyuki. Alipata kiungulia. Kope la kushoto likaanza kucheza. Jioni moja mkewe alimkuta nyuma ya nyumba ameinamisha kichwa ndani ya pipa la maji lisilo na maji, anapiga kelele: "BREKI! Breki, Mama! Breki, breki, breki!"

"Unafanya nini humo?" mkewe akauliza.

Sauti ikatoka pipani. "Nafundisha."

"Mwambie akikosea. Mama si yai."

"Siwezi. Mdomo unafunguka, heshima inaufunga."

Ikaja siku ya mtihani. Mtahini wa serikali alifika kwa baiskeli, maana ofisi ya leseni nayo ilikuwa mkiani mwa mgao. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu, suruali ameitia ndani ya soksi, tai ameitupa begani isinaswe na mnyororo. Alilizunguka gari. Akaibonyeza ile mito ya maua kwa kidole.

"Gari hili lina injini?"

"Inayo, bwana mtahini," Mwalimu Breki akajibu. "Iko kiti cha nyuma."

Mwalimu wa chekechea akapunga mkono dirishani. "Ni mimi."

Mtahini aliishusha tai kutoka begani. Kisha akasema kwamba kwa jinsi anavyoikumbuka kanuni, mtahiniwa anatakiwa aendeshe gari likiwa katika mwendo, na kanuni haisemi mwendo huo unatoka wapi. Na yeye amepanda kilima kizima kwa baiskeli na hana nia ya kurudi bila kumtahini mtu. Akaingia kiti cha mbele. "Nani anaanza?"

"Mimi," akasema Mama Mkunga, na alikuwa amekwisha kaa.

Kwa kuwa kiti cha abiria kilikuwa kimechukuliwa, Mwalimu Breki alikwenda nyuma kusukuma pamoja na kinyozi na fundi viatu. Wakaanza. Mambo yakaenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mkwewe alinyoosha gari, akapunguza penye watoto, akapita pipa bila kulisalimia. Nyuma Injini alikuwa akinguruma kwa raha. Wakapita kona ya kwanza. Wakaanza kuukabili mlima unaokwenda kituo cha afya.

Hapo mngurumo ukabadilika. Ulishuka chini, ukawa mzito, ukatoka kwa kukatikakatika: "Nnnnnggggh... nnnnnggggaaa..."

"Safi!" Mwalimu Breki akaita kutoka nyuma. "Hapo umepatia! Gari likipanda mlima ndivyo linavyolia!"

"Nnnnnngaaaaaai!"

"Safi sana! Sasa badilisha gia!"

Mama Mkunga akatupa jicho kwenye kioo cha ndani. Mtahini akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana watahiniwa wengi husahau kioo. Kisha akamwona akilisimamisha gari taratibu na kuvuta breki ya mkono, bila mshtuko wowote.

"Mama, nani amekuambia usimame?"

"Injini imeshikwa na uchungu," akasema Mama Mkunga, na tayari alikuwa anafungua mlango.

Ikawa patashika. Kinyozi alishika kichwa chake mwenyewe. Fundi viatu akavua shati, hakujua la nini, akalivaa tena. Mwalimu Breki akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Kweli lilikuwa na mafuta, lakini lilikuwa upande mwingine wa mji na mgonjwa mwingine, na kituo cha afya kilikuwa pale pale, nyuma ya mlima.

"Tusukume," akasema Mama Mkunga, ambaye sasa alikuwa kiti cha nyuma amekunja mikono ya gauni, anamfuta mwenzake jasho. "Mimi sishiki usukani tena. Nani anaendesha?"

Watu wote wakamtazama mtahini. Mtahini akafungua mlango akashuka. "Mimi kazi yangu ni kutahini. Na baiskeli ndiyo nimeizoea."

Basi akabaki Mwalimu Breki. Akaketi kwenye usukani, na hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: alikuwa hajakaa kiti kile tangu zamani sana. Miaka yote alikuwa wa pembeni. Mguu wake mnene ulitafuta breki pale ulipozoea, ukakuta sakafu. Akatazama chini. Kulikuwa na vikanyagio vitatu, na vyote vilimtazama.

Mtahini akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boneti, akaona litaanguka, akalivaa tena, akaenda nyuma kuungana na wasukumaji. Gari likaanza kupanda.

"Sukuma!" Mama Mkunga akaamuru wale wa nje.

Wakasukuma. Lakini ndani naye mwalimu wa chekechea akasikia, akasukuma.

"Siyo wewe! Wewe bado! Usisukume!"

Wale wa nje wakasikia: usisukume. Wakaacha. Gari likasimama, likawaza, likaanza kurudi nyuma.

"Sukumeni! Sukumeni nyie!"

"Nnnngaaaai!"

"Usisukume, mwanangu, utaumia! Acha!"

Wakaacha. Gari likaja tena. Mtahini alijikuta amekaa juu ya mto wa maua, anabebwa kurudi alikotoka. Mwalimu Breki akakanyaga kikanyagio cha kwanza, kikawa klachi. Akakanyaga cha pili, kikawa mafuta yasiyokuwepo. Akakanyaga cha tatu kwa mguu wote mnene, gari likagota. Na hapo kitu kilichokuwa kimejazana ndani yake tangu siku ya pipa kikapasuka.

"MAMA!" akanguruma, vioo vikatetemeka. "CHAGUA NENO LINGINE!"

Hata aliye katika uchungu alinyamaza. Mwalimu Breki akaziba mdomo kwa kiganja. Amempigia kelele mkwe, mbele ya watu, mchana kweupe. Akangoja mbingu zishuke.

Mama Mkunga akamtazama kupitia kioo.

"Kumbe una sauti," akasema. "Ulikuwa unaificha ya nini?" Kisha akamgeukia mwalimu wa chekechea. "Haya, mwanangu. Gia umezisoma?"

"Nimezisoma, Mama," akajibu yule, meno yamekazwa.

"Vizuri. Neno sukuma tumewaachia wanaume huko nje. Mimi na wewe tutakwenda kwa gia. Sasa uko nyutro. Nyutro maana yake unateleza tu, hukazi chochote. Pumua. Nyie wa nje! SUKUMENI!"

Gari likapanda. Wa nje walisukuma kwa neno lao, wa ndani akafuata lake. Uchungu ulipomjia, Mama Mkunga alimwambia, "Gia ya kwanza, taratibu, usiung'ang'anie." Ulipopita, "Nyutro, nyutro, mwache mtoto ateleze mwenyewe." Mwalimu Breki, kwa mazoea ya mikono, akawa anaingiza kila gia iliyotajwa, ingawa gari halikuwa na habari. Nyuma kinyozi aliuliza kwa kuhema, "Gia ya pili ni sisi au ni yeye?"

"Si yako hiyo, sukuma!" fundi viatu akamjibu, na lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kutamka.

Kina mama wa mlimani wakatoka majumbani. Walipoona hali ilivyo hawakuuliza. Walikwenda nyuma ya gari, wakatafuta pa kushika. Aliyekosa gari akamsukuma mtahini. Gari likafika kileleni likiwa na umati kama wa mchezo wa mpira, na mbele yao barabara ikainama mpaka langoni kwa kituo cha afya.

"Sasa tatu!" Mama Mkunga akapaza sauti. "Tatu, mwanangu, kanyaga mafuta! Usitazame nyuma! Kanyaga yote!"

Gari likateremka lenyewe, watu wakilikimbilia nyuma. Upepo ukaingia madirishani. Mwalimu Breki alishika usukani kwa mikono miwili, jasho likimdondoka puani, na katikati ya mteremko akasikia sauti nyembamba, ya hasira, ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyepanda gari lile mwanzoni. Akageuza shingo aone.

"BREKI!" Mama Mkunga akapiga ukelele uliomshinda hata mwenye jina.

Akakanyaga. Safari hii mguu ulijua pa kwenda. Gari likasimama mlangoni kwa kituo cha afya bila kugusa hata chungu cha maua, na wauguzi wakatoka mbio na kitanda cha magurudumu, ambacho, kinyozi alisema baadaye, ndicho kitu pekee siku ile kilichosukumika vizuri.

Alikuwa mtoto wa kike, mzima wa afya, mwenye sauti ya mama yake. Kinyozi akapendekeza aitwe Klachi. Akaambiwa akanyoe.

Nje, kwenye benchi, Mwalimu Breki alikwenda kumpigia magoti mkwewe. "Mama, nisamehe. Nilikufokea. Sijui kilichonipata."

"Kaa hapa, baba." Alikuwa ananawa mikono kwa maji ya kopo, kidole kimoja baada ya kingine. "Wiki zote hizi nilidhani umenidharau. Wenzangu wanafokewa, mimi naambiwa samahani na kama hutajali. Nikasema, mkwe wangu ameshanikatia tamaa, ananitembeza tu kama mtoto sokoni. Leo uliponifokea ndipo nikajua na mimi ni mwanafunzi."

Mwalimu akaketi kando yake. Kope la kushoto, aligundua, lilikuwa limeacha kucheza.

"Basi ulishika usukani vibaya tangu siku ya kwanza," akasema, kwa kujaribu.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka."

"Na lile pipa halikukaa vibaya."

"Usizidishe."

Mtahini alikuja kwao akiwa amechanika koti begani, uso umejaa vumbi na furaha ya ajabu. Alieleza kwamba hawezi kumfaulisha Mama Mkunga, kwani sehemu kubwa ya mtihani aliifanya akiwa kiti cha nyuma. Wala hawezi kumfelisha, kwa sababu breki ya mkono ya namna ile hajaiona tangu aanze kazi. Angerudi mwezi uliofuata. Kisha akaomba, kama si usumbufu, amwone mtoto. Akaruhusiwa kumtazama kutoka mlangoni, akasimama pale mpaka muuguzi akamwondoa.

Ule mwezi wote, mtaa ulisikia masomo ambayo haukuwahi kuyasikia. Mwalimu Breki alifoka kama zamani, na mkwewe alimjibu. "Breki!" "Naiona!" "Kushoto, Mama, kushoto!" "Kwani hapa ni wapi?" Mkewe alishona barazani akiwasikia wanavyopita, akacheka mpaka mshono ukaenda kombo. Wakirudi nyumbani walikula pamoja wakiwa wamekauka sauti, wakiombana chumvi kwa ishara, na Mwalimu alinyoosha mguu wake chini ya meza bila mtu kusema neno.

Mtahini aliporudi, fundi viatu alifaulu, kinyozi alifeli kwa kuongea na kioo, na Mama Mkunga alifaulu kwa alama ambazo hakuacha kuzitaja. Mgao haukuisha. Ukazoeleka, kama kiatu kipya kinavyozoeleka baada ya kukutoa malengelenge. Yale mabasi ya umeme yalikuja, mawili, na fundi viatu akapata kuendesha moja. Abiria walisema ni dereva mzuri ila akifika mlimani hushuka kidogo aangalie kama linahitaji msaada.

Hatimaye nafasi ya basi la kwao mama mkwe ikapatikana. Walimsindikiza kituoni wote, Injini akiwa na mtoto mgongoni. Mama mkwe alimkumbatia binti yake, akamgeukia mkwewe, akamshika mabega.

"Usinyamaze tena, baba. Utaugua."

Akapanda, akachagua kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva. Basi likaondoka. Mwalimu Breki alirudi nyumbani akakuta kabati la vyombo limepangwa kwa namna asiyoielewa, akasimama mbele yake kitambo, asitake kugusa kitu.

Jioni simu ikalia. Mkewe akapokea, akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Mama amefika salama," akasema.

"Alhamdulillahi. Safari ilikuwaje?"

"Yeye mzima. Ila anasema dereva wa basi alisimamisha gari njiani, akamwomba kwa heshima zote ahamie kiti cha nyuma."